Miezi ya Mpunga

Tulimzika Sista Gaudensia siku ya Jumanne, na baada ya mazishi tukala wali na nyama chini ya maturubai, kama alivyoagiza mwenyewe, maana alisema hataki mtu arudi nyumbani na njaa kwa sababu yake. Nilikaa na Salome, mtoto wa marehemu dada yangu Veronika. Nimemlea tangu ana saa chache duniani. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi kule Katindiuka, ana watoto wake wawili, na ananiita mama. Akatujia mwanamke mrefu, mnene, kavaa kitenge kipya na raba za kiume, na nyuma yake mwanamume wa miraba minne aliyeshika kofia mkononi. "Adelina," akaniambia, "umenisahau? Mimi Minza." Nilimwaga wali. Miaka thelathini na zaidi sijamwona, tangu wahamie upande wa Malinyi na ng'ombe wao, na siku hiyo alikuwa amepanda basi alfajiri, akavuka mto kwa daraja kama mtu anayevuka mfereji, akafika kabla jeneza halijatoka kanisani. Akamsukuma yule mwanamume mbele, "Mwamkie mama yako," naye akainama mpaka chini, "Shikamoo, mama." Kisha Minza akamgeukia Salome, akamtazama usoni, akasema kwa furaha yake yote, bila hila hata chembe: "Ndiye huyu? Mtoto wa yule dada yako uliyemkosea mwezi?"

Salome aliweka kijiko chini. Hakuuliza palepale, ana adabu kuliko mimi. Aliuliza jioni, nyumbani kwangu, amesimama mlangoni mwa jiko na kanga ya msiba bado kiunoni. "Mwezi gani, mama?" Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila anayenijua atakwambia, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsimulia habari za mama yake chungu nzima: alivyocheka, alivyopika samaki kitoga, alivyofia njiani wakati wa mafuriko. Hili moja sikumwambia. Nilijiambia bado mdogo, halafu nikajiambia ana mitihani, halafu nikajiambia ana mimba na haifai kumtia hofu, hivyo hivyo mpaka nywele zangu zikawa nyeupe. Ukweli ni kwamba niliogopa asiniite tena mama. Basi jioni ile nilimpa kigoda, nikamsimulia, na ninayoyaandika hapa ni yaleyale, ila hapa nimeyapanga vizuri kuliko nilivyoweza jioni ile.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba na kujiona msomi. Veronika alinizidi miaka minne. Nyumbani alikuwa bingwa wa utani, lakini mbele ya nesi alikuwa bubu. Hata akiulizwa jina alinitazama mimi. Ndiyo maana nilimsindikiza kliniki. Nesi alimuuliza hedhi ya mwisho aliiona lini. Veronika akainamisha kichwa, akaninong'oneza, "Tulipomaliza kuvuna." Nikalisema kwa sauti, kama mkalimani wa bwana mkubwa. "Kumaliza kuvuna, basi mwisho wa mwezi wa saba?" nesi akauliza, kalamu iko tayari. Nikasema ndiyo. Kila mtu wa bonde hili angesema ndiyo. Sisi tulihesabu kila kitu kwa mpunga: fulani alizaliwa wakati wa kupanda, fulani aliolewa wakati wa palizi, na kuvuna kunaisha mwezi wa saba. Ila msimu ule mvua zilikuwa zimekatika mapema, mpunga ukakaukia shambani, na kile kidogo tulichopata tulimaliza kukivuna mwezi wa sita. Nililijua hilo, mundu niliushika kwa mkono wangu. Lakini nilitaka kuonekana najua, nikajibu mwezi wa miaka yote badala ya mwezi wa mwaka ule. Nesi akaandika kwenye kadi kwamba Veronika atajifungua mwanzoni mwa mwezi wa tano.

Mwezi wa tano ulitufaa sana. Mpaka wakati huo ndege wanaokula mpunga wangekuwa wamepungua na maji yameanza kushuka, tungevuka salama kuja Ifakara mjini. Kwa hiyo tulibaki ng'ambo ya mto, kwenye dungu letu, kibanda juu ya nguzo ndefu chenye sakafu ya fito, na chini yake maji yakipita kimya siku nzima. Mama yetu alikwisha kufa zamani, na mume wa Veronika alikuwa Kidatu anatafuta kibarua, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, tunaamia ndege kwa kelele na makopo. Tulikula ugali na kambale mkavu, asubuhi uji, na Veronika alikuwa amejiapiza kwamba haondoki kabla hajala pepeta, mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa, ukautafuna ungali na joto la kinu. Wanawake wa madungu ya jirani walitutania kwa kupaza sauti juu ya mpunga. "Veronika! Tumbo hilo la miezi minane? Hao ni mapacha!" Naye anawajibu, "Ndiyo! Mmoja wangu, mmoja wa Adelina!" Tulicheka mpaka ndege wakaruka bila kufukuzwa. Tumbo lilikuwa linasema kweli, na sisi tukaiamini kadi.

Alfajiri moja mwanzoni mwa mwezi wa nne aliniambia kiuno kinamkata. Nikamwambia ni hizi fito tunazolalia, bado mwezi mzima. Akanyamaza kwa sababu mimi ndiye msomi. Jua lilipopanda chupa ikapasuka, ndipo nikapiga kelele, na mvuvi mmoja wa Kindamba, mzee Likungwa, akaleta mtumbwi wake. Tulikwenda kwa upondo katikati ya matete, maji pande zote, na sijui hata ni saa ngapi zilipita. Mtoto hakutusubiri. Mzee Likungwa akausogeza mtumbwi kwenye kichuguu kilichobaki juu ya maji, akatugeuzia mgongo kwa heshima, na hapo juu ya kichuguu Salome akazaliwa, mdogo kama paka, analia. Damu haikukatika. Nilikandamiza kwa kanga yangu, nikakandamiza kwa kanga yake, nikasali kila sala niliyofundishwa tangu komunyo ya kwanza. Veronika akaniuliza, "Ni mapacha?" Nikamwambia hapana, mmoja. Akasema, "Basi huyo ni wako." Alikufa kabla hatujaiona barabara. Mumewe alirudi kuzika, akalia kweli, kisha akarudi Kidatu na kuoa hukohuko; simlaumu.

Mtoto aliwekwa wodini kwa sababu ya udogo wake, nami sikuwa na pa kulala, nikapelekwa kwenye nyumba ya kusubiria. Ni nyumba ya wajawazito wanaotoka mbali. Wanakuja wiki za mwisho, wanajipikia na kusubiri siku zao karibu na hospitali. Sikuwa nimewahi kuisikia. Nilipoelewa ni ya nini, kwamba miezi yote ile kulikuwa na kitanda ambacho Veronika angelala, nilikaa kwenye kizingiti nikashindwa kuingia. Sista Gaudensia, aliyekuwa msimamizi, alinipita mara mbili amebeba ndoo. Mara ya tatu akasimama. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kavu, na hakuwa mtu wa kumpapasa mtu kichwa. "Unajua kufagia?" akauliza. Nikasema najua. "Fagio liko nyuma ya mlango. Ukimaliza kuna maharage ya kuchagua." Nilimchukia siku nzima, na siku nzima nilifagia.

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, vitanda vimebanana, jiko la nje lenye mafiga sita na moshi wa kutosha kijiji kizima. Wanawake walipika kila mmoja sufuria yake na kuonjana, kisamvu cha huyu, mlenda wa yule, na walisema yote ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Mimi nilichota maji, nilipasua kuni, nilishika viuno wakati wa uchungu, na katikati ya kazi nakimbilia wodini kumnywesha Salome maziwa kwa kijiko. Wodi ilipomruhusu, nikambeba mgongoni, nikaendelea kufagia. Kila jioni Sista aliwakusanya kwenye korido kusali rozari. Nilikaa nao, lakini kila ilipofika nusu ya pili ya Salamu Maria, ile inayotaja saa ya kufa, mdomo wangu ulifungika. Haukuwa uasi wa kufikiria. Ulijifunga wenyewe. Sista aliona, kwa sababu aliona kila kitu.

Siku moja tunaanika shuka nikamrushia swali. "Sista, Mungu alikuwa wapi kwenye kile kichuguu?" Nilitegemea anipe katekisimu. Aliibana shuka kwenye kamba kwanza. "Sijui, Adelina. Mimi sikuwepo. Najua wewe ulikuwepo, na mtoto yu hai mgongoni mwako." Nikamwambia asinisifu, hajui niliyoyafanya. Ndipo kwa mara ya kwanza nikatamka habari ya mwezi, pale kwenye kamba ya nguo, kwa hasira, kama mtu anayetapika. Hakuniambia si kosa langu. Nilimheshimu kwa hilo maisha yangu yote. Alisema tu, "Basi wewe unajua jambo ambalo manesi hawalijui. Wanawauliza hawa mwezi. Hawa hawaishi kwa miezi."

Nilianza jikoni, bila kupewa cheo. Mwanamke akisema mimba yake ni ya palizi, namuuliza mwaka jana kwenu mlipanda lini, mvua ya kwanza ilikuwa kabla au baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, palizi ulipalilia peke yako au mlialika watu. Ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, nikawa nawatembeza juu yake kwa kidole, sikukuu hadi sikukuu. Tuligundua makosa mengi: wiki mbili huku, mwezi kule. Sista alipeleka marekebisho kwa nesi, na baada ya muda nesi mwenyewe akaanza kuniita. Lakini nilijiwekea sharti moja, nikaliapia: sitamjibia mwanamke mwingine tena. Nitauliza tu, atajibu mwenyewe. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoamka asubuhi nikiitaka.

Sharti hilo lilijaribiwa mwaka ukielekea kutimia tangu Veronika afe, mwezi wa pili unaisha na mito imeanza kujaa. Minza alikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi, Msukuma, ameletwa na mama mkwe wake kwa sababu alizimia kisimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Sikumkaribisha vizuri, nikiri. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wamepita kwenye mashamba ya ng'ambo na watu walishikiana mapanga, na mimi nilikuwa na kinyongo na kila aliyeshika fimbo ya kuchungia. Nilimpa kitanda karibu na mlango, kwenye upepo. Siku ya nne akaja mumewe, Masanja, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, kumchukua. Walikuwa wanahamisha mifugo kwenda upande wa Malinyi. "Kadi inasema mwezi wa tano," akasema. "Mwezi wa nne mwishoni nitamrudisha." Nilisikia mwezi wa nne, nikaweka fagio chini. Mwezi wa nne mto umefurika, pantoni halivuki.

Nilimtazama Minza, nikalitazama tumbo. Safari hii sikuiamini kadi. Nikamuuliza mwenyewe, mama mkwe akitafsiri, siku zake za mwisho aliziona lini. Akajibu bila kusita: siku ya ugomvi wa mpunga. Alikuwa anafua vitambaa vyake mtoni waliposikia kelele, wakakimbia na ng'ombe, na tangu siku ile hajaona tena. Basi kilichobaki kilikuwa kitu kidogo. Nikamgeukia Masanja, aliyekuwa na ng'ombe siku hiyo. "Siku hiyo mpunga ulikuwa umesimama au umekwisha kukatwa?" Wanawake waliokuwa wanasuka nywele waliacha. Mama mkwe akatazama ukuta. "Ulikuwa umekatwa," Masanja akasema. "Tulilisha mabua tu. Hata kliniki nilisema hivyo."

Hapo nikaelewa. Kesi ilikuwa bado kwenye baraza la kijiji. Ng'ombe wakila mabua baada ya mavuno, hakuna kosa. Wakiingia kwenye mpunga uliosimama, ni kosa, na Masanja alikuwa amekana mbele ya wazee. Nesi alipouliza, Masanja ndiye aliyemjibia mkewe, akajibu kama anavyojibu barazani, kwamba ilikuwa baada ya mavuno, mwisho wa mwezi wa saba. Naye hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Wakulima walikuwa wamelima mpaka kwenye njia ya ng'ombe, nami nililijua hilo, sikuwahi kulisema. Nilikuwa na maneno makali mengi yamejipanga mdomoni, na mwaka mmoja nyuma ningeyatoa yote. Badala yake nikakaa kitandani kwa Minza, nikampakata Salome.

"Kaka," nikamwambia, "mimi si hakimu wako. Nilikuwa na dada. Nesi alimuuliza kama alivyomuuliza mkeo, nami nikamjibia, kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Nilitaja mwezi usio wake. Alifia majini, nimemshika mimi. Huyu ndiye mtoto wake. Najua inavyokuwa kumjibia mwanamke, na najua inavyokuwa baadaye. Mpunga ulikuwa umesimama?" Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Sista alikuwa mlangoni na ndoo yake. Masanja alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama uani, mikono kichwani, muda ambao maharage yangeiva. Aliporudi hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. "Ulikuwa umesimama," akasema. "Mwanzo wa mwezi wa sita. Mwandikieni hivyo." Kisha akamwambia Minza kitu kwa Kisukuma, naye akafungua tena bunda lake la nguo. Baadaye nilisikia aliyarudia maneno hayo barazani, mbele ya wazee. Yaliyompata huko aliyabeba mwenyewe.

Minza alishikwa na uchungu siku ya kumi na mbili. Mtoto alikuja akitanguliza miguu, na wakunga wawili na daktari walihangaika naye toka asubuhi hadi alasiri, mimi nimeshikwa mkono na Minza mpaka kucha zikaniingia. Nilisema naye muda wote, sijui alielewa nini. Kila mara nilikiona kile kichuguu, na kila mara nikakataa kubaki pale. Mtoto akalia, ndiye yule wa miraba minne aliyeniamkia msibani. Damu ya Minza ikakatika. Jioni ile nilikaa kwenye korido kama kawaida, nimechoka hata sioni, rozari ikaenda, na nilikuwa nimefika katikati ya fungu la pili ndipo nikagundua kwamba nimekuwa nikisali Salamu Maria nzima, mwanzo hadi mwisho. Sikupata jibu la swali langu, na mpaka leo sijalipata. Nilipata kazi, na ndani ya kazi hiyo nilimkuta Mungu. Nimeishi nayo tangu hapo: Sista alinipeleka kusomea ukunga, nikarudi, nikazalisha mpaka nikastaafu, na bado kila Jumamosi naenda kwenye ile nyumba kukaa na kalenda yangu.

Hayo ndiyo niliyomwambia Salome. Nilimwambia na neno la mwisho la mama yake, ambalo pia nilikuwa nimelificha, kwa sababu nilihisi sina haki nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliosha sufuria zote, akazifunika, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Ulale salama," akatoka. Hakusema mama. Jumatano hakupiga simu. Alhamisi na Ijumaa pia. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba nilimkalisha miaka yote hiyo bila ukweli, naye anaweza kunikalisha muda wowote atakao, nami nitakaa.

Jumamosi nilikwenda kazini kwangu. Nilikuwa natundika kalenda niliposikia sauti ya mwalimu uani, ile ya kupanga watoto mistari. Salome akaingia amemshika mkono msichana mjamzito, mwembamba, macho chini, na nyuma yao kijana wa kiume ameshika kadi ya kliniki. Macho ya Salome yalikuwa yamevimba. "Mama," akasema, "huyu ni jirani yangu. Mumewe anasema atajifungua mwezi wa kumi na mbili. Nimemuuliza mwenyewe, anainama tu. Muulize wewe."

Nikamwomba yule kijana atusubiri nje. Salome akavuta kigoda, akaketi kando yangu, bega kwa bega, asikilize. Nikamshika yule msichana mkono. "Mwanangu," nikamwambia, "usinitajie mwezi. Niambie kwanza, mwaka huu kwenu mpunga mliukata lini?"